Barua kwa mwanangu aliye Vitoria-Gasteiz

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sote tu wazima, alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma, na swali la shule ya mjukuu wangu halijaniondoka. Jirani amekwambia msijisumbue na Kibaski, lugha ya Wabaski, wenyeji wa huko kwenu kaskazini mwa Uhispania na ng'ambo ya mpaka, Ufaransa; mtoto asome kwa Kihispania, maana ndicho kinachosikika madukani na kwenye basi hapo mjini. Mimi nasema mwandikishe mkondo wa D, asome masomo yake kwa Kibaski. Nisikilize kwanza.

Lugha hiyo haina ndugu anayejulikana duniani. Ilikuwepo kabla Warumi hawajaleta Kilatini chao, na kitabu chake cha kwanza kilichapishwa Bordeaux mwaka 1545, mashairi ya padri Bernard Etxepare. Lakini umri haukuilinda. Shuleni, mtoto aliyenaswa akisema Kibaski alipewa pete, naye akaivizia nafasi ya kumpa mwenzake atakayenaswa. Aliyekutwa nayo mwisho wa siku au wa juma ndiye aliyeadhibiwa. Hata sisi hapa Kenya, mwanangu, tulivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Maumivu ya kiboko huisha. Kumzoesha mtoto kumchongea mwenzake kwa sababu ya lugha ya mama yake, hayo siwezi kuyasamehe.

Chini ya Franco, dikteta wa Uhispania, mambo yalizidi. Kibaski hakikuwa na mahali shuleni wala ofisini, na kwa miaka mingi hata kumsajili mtoto kwa jina la Kibaski kulikatazwa. Ndipo watu wa kawaida wakajitokeza. Miaka ya 1940 mwalimu Elbira Zipitria alikusanya watoto wachache nyumbani, kule mji wa Donostia (San Sebastián), akawafundisha kwa lugha yao kimyakimya. Baadaye wazazi wakachanga fedha zao wakaanzisha ikastola, shule za Kibaski, na miaka ya 1960 zikaenea. Fomu hiyo ya kuchagua lugha ya shule inayomchosha mumeo imetokana na jasho lao: sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyompa mzazi haki ya kuchagua.

Usidhani wenyewe kwa wenyewe walipatana. Mwaka 1968 akademia yao ya lugha, Euskaltzaindia, ilikutana Arantzazu kuweka misingi ya Kibaski sanifu, Koldo Mitxelena akiongoza kazi hiyo, na watu wakagombana vikali hata juu ya herufi h. Sisi tunayajua hayo. Mkutano wa 1928 wa kusanifisha Kiswahili ulifanyika hapa hapa Mombasa, Kiunguja kikateuliwa, Kimvita chetu kikaachwa, na manung'uniko hayajaisha.

Kinachonivutia kuliko yote ni bertsolari wao, malenga watungao papo hapo. Mtu husimama mbele ya umati, hupewa mada ambayo hakuijua, kisha huimba beti zenye vina na mizani bila karatasi, na mwenzake humjibu. Fainali ya ubingwa wao hujaza ukumbi wa maelfu. Mwaka 2009 Maialen Lujanbio alikuwa mwanamke wa kwanza kuutwaa ubingwa huo. Wewe umekulia nyumba ya watu wanaojibizana kwa mashairi. Mtoto wako akae mji huo asielewe wanachoimba?

Kihispania hatakikosa, atakiokota kwa watoto wenzake na kwenye televisheni, na shuleni atakisoma kama somo. Kibaski asipokipata darasani, hapo Vitoria atakipata wapi kwa urahisi? Wasemaji wake ni kama 750,000 hivi, na upande wa Ufaransa hakina hadhi rasmi hadi leo. Tena nafasi nyingi za kazi serikalini huko hudai mtu akijue.

Unahofia hutaweza kumsaidia kazi za nyumbani. Hofu hiyo ni ya haki. AEK, shirika la kufundisha Kibaski, hufundisha watu wazima, na madarasa ya jioni yapo, basi ulizia lililo karibu nawe. Mumeo naye aende, msiachiane.

Fomu irudisheni kabla muda haujapita, kisha nipigie nijue mmeamua nini. Kiswahili niachieni mimi: kila Ijumaa baada ya sala nitamsemesha kwa simu, na usimjibie.

Wako akupendaye,
Mama