Anayeacha Ukristo ana mambo ya kupanga

Mhariri,

Kila linapozuka suala la watu waliolelewa Kikristo kisha wakaacha kumwamini Mungu, mjadala hukwama palepale. Wengine husema wamekwazwa na mchungaji, wengine husema ni kiburi cha usomi. Aliyekwazwa mara nyingi huhama kanisa tu, haachi Mungu. Naomba nafasi nizungumzie yale ambayo mjadala huo huyaruka, yaani yanayomkabili mtu akishajikubalia moyoni kwamba haamini tena.

Kutoamini hakuhitaji karatasi. Mtu anaweza kuacha imani leo na jina lake likabaki katika daftari la kanisa hadi siku anapokufa. Kwa Wakatoliki, ubatizo huhesabiwa kuwa alama isiyofutika, kwa hiyo anayeomba kujitoa hafutwi; akikubaliwa, huandikiwa maelezo pembeni ya jina lake. Barua ya maombi ipelekwe parokia alikobatizwa, si ile aliyokuwa akisali, kwa sababu daftari lake liko huko. Itaje jina kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo, majina ya wazazi, tarehe ya kuzaliwa na ya kubatizwa, iambatanishwe na nakala ya kitambulisho, kisha itiwe saini. Aliyebadilisha jina ukubwani ayaandike yote mawili, la sivyo hataonekana daftarini. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti barua fupi kwa mchungaji au wazee wa kanisa inatosha, ila akumbuke kusitisha ahadi za fedha alizoziweka benki, maana hizo haziachi kukatwa kwa sababu tu ameacha kuamini.

Je, kuna haja ya barua hiyo? Kwa Ujerumani ipo: anayejitoa hutoa tamko mbele ya mamlaka ya serikali, na kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, hukoma. Pasipo kodi kama hiyo, barua ni ya kuutuliza moyo tu, na inaweza kungoja.

Ndoa ndiyo isiyongoja. Wengi hudhani kwamba Mkatoliki hawezi kufunga ndoa kanisani na mtu aliyeiacha imani hadharani. Anaweza. Kanuni ya 1071 ya Sheria ya Kanisa inataka paroko apate kwanza ruhusa ya askofu, na mwenza anayeamini huahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe na kulelewa katika imani yake. Hapo ndipo penye ugomvi. Wachumba huitia saini ahadi hiyo kama fomu nyingine yoyote, kisha mtoto anapozaliwa kila mmoja anakumbuka alivyoielewa yeye. Suala la ubatizo wa watoto limalizwe kabla ya kutangaza ndoa, kwa maneno yasiyo na mafumbo.

Kuwaambia wazazi kunaharibika kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni wakati. Kijana ambaye bado analipiwa ada na kulala chini ya paa lao hana deni la kutangaza chochote. Anaweza kukataa kuongoza sala bila kutoa hotuba. Siku ya sikukuu, ya msiba au ya ugomvi mwingine haifai kabisa. Aanze na ndugu mmoja anayetunza siri, kisha mzazi mmoja, na aseme kwa ufupi. Mzazi anayelia huwa anaona mwanawe akipotea milele, hivyo kumjibu kwa dhihaka ni ukatili usio na faida. Swali la "tulikosea wapi?" linastahili jibu la moja kwa moja: hamkukosea.

Ya pili ni kugombana kwa aya. Mathayo 27 inasema Yuda alijinyonga. Matendo 1 inasema alianguka akapasuka. Anayedhani amewanyamazisha wazee kwa hilo atajibiwa papo hapo kwamba kamba ilikatika, kwani jibu hilo ni la zamani sana. Aliyeujenga ukanamungu wake juu ya aya mbili zinazogongana hutetereka siku akipewa maelezo ya aya hizo. Hoja nzito ziko kwingine: mateso ya wasio na hatia, sala zisizoonyesha tofauti na bahati, na dini nyingi zenye uhakika uleule zinazopingana.

Hofu ya jehanamu nayo huchelewa kuondoka. Iliingia kabla mtoto hajajua kuhoji, kwa hiyo haitoki kwa hoja peke yake. Hurudi usiku, hurudi katika ugonjwa, hurudi mazishini, na mtu akadhani kumbe bado anaamini. Ajiulize kama anauogopa moto unaohubiriwa na dini ambayo hakulelewa ndani yake. Kwa kawaida hauogopi hata kidogo, ingawa wahubiri wake wana uhakika vilevile. Hofu ikimnyima usingizi kwa wiki nyingi, amwone mshauri wa afya ya akili asiyemhubiria.

Limebaki suala la mazishi, ambalo vijana hulicheka. Kanuni ya 1184 huwanyima mazishi ya Kanisa walioasi imani waziwazi, isipokuwa wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Hata hivyo familia ndiyo inayozungumza na paroko, na marehemu hana la kusema. Anayetaka azikwe bila ibada aandike matakwa yake, atie saini mbele ya mashahidi wawili, na nakala ampe mtu atakayekuwa na sauti siku hiyo. Akiifungia kabatini, itaonekana wiki moja baada ya kaburi kufukiwa. Mahali pengi maandishi hayo hayawafungi ndugu kisheria, kwa hiyo ni vyema wayasikie kutoka kinywani mwake akiwa hai.

Msomaji wenu