Kabla ya kwenda kuomba ruzuku ya ulemavu

Ndugu wanakikundi, salaam. Mnaojiandaa kwenda ofisini kuomba ruzuku ya ulemavu, tafadhali someni hadi mwisho.

Kinachokwamisha maombi mara nyingi ni ripoti ya daktari. Ikitaja jina la ugonjwa tu haitoshi, kwa sababu afisa anaangalia unachoweza na usichoweza kufanya. Mwombeni daktari aandike wazi: unatembea umbali gani kabla ya kulazimika kupumzika, kama unasaidiwa kuoga, kuvaa au kula, hali hiyo ilianza lini, na kama inatarajiwa kubadilika. Iwe na tarehe ya karibuni, sahihi na mhuri.

Linganisheni majina kwenye kitambulisho, ripoti na akaunti ya benki. Hata herufi moja ikitofautiana, faili laweza kurudishwa. Bebeni hati halisi pamoja na nakala. Afisa akishazikagua zile halisi, zirudi mkononi mwenu.

Kwenye fomu, msijikaze. Wengi wetu tumezoea kusema "naweza tu". Kama unapika lakini ukimaliza unalala nusu siku, andika hivyo hivyo. Kwa hali inayopanda na kushuka, wekeni daftari la wiki mbili: siku mbaya zilikuwa ngapi, nini kilishindikana, nani alisaidia.

Msiondoke bila uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe na namba ya faili. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uulize papo hapo siku ya mwisho ya kukata rufaa.

Anayehitaji wa kumsindikiza, au mkalimani wa lugha ya alama, aniandikie pembeni mapema.