Zabuni za printa ziseme ni wino wa aina gani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme jambo moja linalohusu karatasi zetu, nalo ni wino unaotiwa katika printa za afisi, skuli na maduka ya uchapaji hapa Unguja na Pemba. Kila unapokaribia mwezi wa Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza, afisi nyingi huandaa orodha za vifaa vya kununua, na katika orodha hizo aghlabu printa huelezwa kwa bei, kasi na ukubwa wa karatasi. Wino ama hautajwi kabisa, ama hutajwa kwa idadi ya chupa tu. Mimi naona hilo ni kosa linalotugharimu, kwa sababu sehemu kubwa ya uvumbuzi uliofanywa katika printa za wino kwa miaka arubaini iliyopita umefanywa ndani ya wino wenyewe na katika chombo kinachoubeba.

Kazi yangu ni uchapaji wa nyaraka mjini Chake Chake. Watu huja kuchapisha hati za kuuziana viwanja na mashamba ya mikarafuu, barua za kupeleka kwa sheha, orodha za warithi na maombi ya kazi. Nyingi ya karatasi hizo haziendi kukaa katika kabati la chuma lenye kiyoyozi. Huhifadhiwa ndani ya mkoba, chini ya godoro au katika sanduku la nguo, kwenye nyumba iliyoezekwa mabati, ambapo msumari mmoja ukilegea wakati wa masika maji hupata njia. Nimeletewa hati ya shamba iliyopatwa na maji kwa namna hiyo. Sahihi za muuzaji, mnunuzi na mashahidi, zilizotiwa kwa peni ya kawaida, zilikuwa zinasomeka zote. Kilichopotea ni maneno yaliyochapwa: mipaka ya shamba, kaskazini linapakana na nani na kusini linapakana na nani, na idadi ya mikarafuu iliyomo, vyote vilikuwa vimegeuka wingu la zambarau lililotambaa mpaka ukingoni mwa karatasi. Wenye hati walikuwa na ushahidi kwamba wamekubaliana, lakini hawakuwa tena na maandishi ya kile walichokubaliana.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Printa za aina hii hutumia wino wa namna mbili. Wa kwanza ni wino wa kuyeyuka, ambao rangi yake imeyeyuka majini kama sukari inavyoyeyuka ndani ya chai. Unapokauka juu ya karatasi, rangi hubaki ndani ya nyuzi, lakini maji yakirudi nayo huamka na kuyafuata yanakokwenda. Wa pili ni wino wa pigimenti, ambao rangi yake haiyeyuki hata kidogo. Ni chembe ngumu zinazoelea majini, kila moja ikiwa na upana unaokaribia sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Maji ya wino yakishakauka, chembe hizo hunasa katika nyuzi za karatasi na hazina tena pa kwenda. Chembe za wino mweusi huwa ni kaboni, ile ile iliyomo katika masizi, nayo haipauki kwa mwanga wa jua kama zinavyopauka rangi nyingi za kuyeyuka. Sisi tunaojua kombe, yaani maandishi ya dua yanayotumiwa kama dawa, tunajua kwamba sahani huandikwa kwa zaafarani kwa makusudi ili maandishi yaoshwe na kunywewa. Hati ya shamba haikuandikwa ili ioshwe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi printa zote hazikutengenezewa pigimenti tangu mwanzo. Jibu limo katika namna printa hizi zinavyofanya kazi. Mwaka 1977, katika maabara ya kampuni ya Canon nchini Japani, mtafiti Ichiro Endo aliona wino ukiruka kutoka kwenye sindano baada ya pasi ya kulehemu iliyokuwa ya moto kugusa sindano hiyo. Joto liliufanya wino uchemke ghafla, na povu lililotokea likausukuma nje. Marekani, wahandisi wa Hewlett-Packard (HP) walifikia wazo la aina hiyo kwa njia yao wenyewe, na mwaka 1984 wakaingiza sokoni printa yao ya ThinkJet, iliyokuwa na vitundu 12 tu vya kurushia wino. Printa za leo zina mamia na hata maelfu ya vitundu, na tone moja huweza kuwa na ujazo wa pikolita chache, pikolita moja ikiwa ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Ukitia chembe ngumu katika wino utakaopita kwenye kitundu chembamba kuliko unywele, na tena utakaochemshwa mara nyingi kila sekunde, chembe hushikana, huzama chini au huungulia mlangoni, na kichwa cha printa, chenye vitundu hivyo, hufa.

Hapo ndipo walipotaabika wakemia, na hiyo ndiyo sehemu ya habari hii ambayo haisifiwi vya kutosha. Walizivika chembe koti jembamba la polima, kitu cha jamii ya plastiki, ili zisukumane badala ya kugandana. Walitia glaikoli, ambayo huvuta unyevu, ili wino usikaukie mlangoni mwa kitundu printa inapopumzika. Wakatia kidogo dawa ya kulegeza uso wa maji ili tone lilowe karatasini kwa kiasi kinachotakiwa, na dawa nyingine ya kuzuia vijidudu visiote ndani ya chupa. Kampuni ya Epson nayo ilichukua njia tofauti kwa kutumia vipande vya kauri maalumu vinavyojikunja vinapotiwa umeme, na mwaka 1993 ikaanza kuuza printa zenye vichwa vya namna hiyo ilivyoviita Micro Piezo. Kichwa hicho husukuma wino bila ya kuuchemsha, kwa hiyo kilifungua mlango kwa wino wenye utomvu unaozigandisha chembe juu ya karatasi. Leo printa nyingi za bei ya wastani huja na wino mweusi wa pigimenti pamoja na rangi tatu za kuyeyuka, na nyingine huja na pigimenti kwa rangi zote nne. Zipo pia ambazo wino wote ni wa kuyeyuka, na hizo ukizitazama kwa nje hutazitofautisha na wenzake.

Nije kwenye chombo cha wino. Katriji za mwanzo zilikuwa ni uvumbuzi wa maana, kwa kuwa kichwa cha kuchapia kilijengwa ndani ya katriji yenyewe, na kikiziba unatupa vyote viwili na kuanza upya bila ya kumwita fundi. Ubaya wake ni bei na upotevu. Ukiipasua katriji yenye sifongo ambayo printa imetangaza kuwa imekwisha, utakuta sifongo bado mbichi, na ukiibinya kwa kidole wino hutoka. Huko ni kununua kitu na kukitupa kabla hakijakwisha. Mafundi katika nchi nyingi za joto hawakulikubali jambo hilo. Walichomeka mipira myembamba kwenye katriji na kuiunganisha na chupa zilizowekwa pembeni mwa printa, kazi ambayo hata mafundi wetu wa Darajani na wa hapa Pemba wanaijua. Mafundi wa Indonesia walikuwa mbele katika hilo, na mwaka 2010 Epson ilianza kuuza huko Indonesia printa zenye matangi ya kujazwa kwa chupa, zilizotoka kiwandani zikiwa hivyo. Kampuni nyingine kubwa zilifuata. Naliandika hili kwa furaha, kwa sababu linaonesha kwamba mtumiaji wa kisiwani, mwenye bisibisi na mpira wa plastiki, anaweza kuufundisha mji wa viwanda.

Si kila uvumbuzi katika katriji ulikuja kwa faida ya mnunuzi. Katriji nyingi hutiwa chipu ambayo haipimi wino uliobaki, bali huhesabu matone yaliyotoka, na hesabu ikitimia printa hugoma. Mwaka 2016 baadhi ya printa za HP zilianza kuzikataa katriji za watengenezaji wengine kutokana na programu iliyokuwa imewekwa ndani yake, na wateja wakalalamika hadi kampuni ikatoa njia ya kuiondoa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Impression Products dhidi ya Lexmark, lililohusu katriji za tona, yaani wino wa unga wa printa za leza, iliamua kwamba mwenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, akishauza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha, na aliyeinunua akiijaza upya hawezi kushitakiwa kwa kuvunja hataza. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini busara yake inafaa ijulikane na wanaosimamia manunuzi, kwa maana printa ambayo bei yake ni rahisi na katriji yake haijaziki ni ghali kuliko inavyoonekana.

Najua yapo yatakayosemwa dhidi yangu. Wapo wanaosema suluhisho ni printa za leza, na katika afisi yenye umeme wa uhakika sibishani nao, kwani tona huyeyushwa na kugandishwa juu ya karatasi na maji hayaiondoi. Lakini leza hutumia joto, na inapopasha huvuta mamia ya wati, wakati printa ya wino hutosheka na wati kiasi cha kumi au ishirini. Skuli inayotegemea paneli za jua katika kisiwa kidogo haina budi kulipima hilo. Wapo pia wanaosema pigimenti inaziba vichwa. Ni kweli kwamba inahitaji uangalizi: chembe zikikaa muda mrefu huzama, na umeme ukikatika kichwa kikiwa katikati ya karatasi, kabla hakijarudi kwenye kifuniko chake, wino hukauka kwenye vitundu, khasa wakati wa kaskazi. Dawa yake ni kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote angalau kila wiki, na kumpangia mtu mmoja wa afisi kazi hiyo hakuhitaji fedha za ziada. Ama bei, chupa ya pigimenti huzidi ile ya wino wa kuyeyuka, lakini ziada hiyo ikigawanywa kwa kurasa inazochapa ni ndogo mno mbele ya gharama ya kesi moja ya mpaka wa shamba.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo yafikiriwe na wanaohusika. Kitabu cha zabuni ya printa kiseme waziwazi kwamba wino mweusi uwe wa pigimenti, kwamba mashine iwe na matangi ya kujaza, na kwamba muuzaji aeleze bei ya wino kwa kila ukurasa, si bei ya mashine peke yake. Hapo tahadhari moja inafaa. Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi la katriji za rangi aghlabu hupatikana kwa kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, ambacho hufanywa kwa kuchapa mfululizo katika chumba chenye joto la nyuzi 23 hivi. Afisi inayochapa kurasa tatu asubuhi na mbili jioni, katika joto letu, haitaifikia idadi hiyo, kwa kuwa wino mwingi utaishia katika kusafisha kichwa.

Taasisi ya Viwango Zanzibar nayo naiomba izitazame chupa za wino zinazouzwa madukani zikiwa zimeandikwa kwamba zinafaa kwa printa zote, bila ya neno lolote kuhusu aina ya wino uliomo. Lebo iseme kama ni wa kuyeyuka au ni pigimenti. Hili si jambo la urembo wa chupa. Anayemimina pigimenti juu ya mabaki ya wino wa kuyeyuka ndani ya tangi moja huhatarisha chembe kugandana na kukiua kichwa cha printa, na muuzaji aliyempa chupa isiyo na lebo hatakuwepo kumlipa.

Mpaka hayo yatakapofanyika, kila afisi na kila mwananchi anaweza kujipimia mwenyewe. Chapa mstari mmoja wa maandishi meusi, uache ukauke mpaka kesho yake, kisha udondoshee tone la maji na usubiri dakika moja kabla ya kulifuta kwa kitambaa bila ya kusugua. Herufi zikibaki na kingo zake, wino huo unafaa kwa hati. Zikitoa ukungu wa buluu au wa zambarau, wino huo utumike kwa matangazo ya ubaoni na kazi za wanafunzi, na hati zipelekwe kuchapwa kwingine. Wanaochapisha makubaliano ya ardhi na orodha za mirathi wana haki ya kumtaka mwenye duka afanye jaribio hilo mbele yao kabla ya kulipa, na mimi dukani kwangu nalifanya kwa kila anayeliomba.

Wako,
Mchapaji wa nyaraka,
Chake Chake, Pemba.