Taarifa ya Mwenyekiti katika Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wakulima wa Mpakani mwa Msitu, Gede

Ndugu wanachama, hamjambo.

Ya kawaida mnayajua: miche ilipandwa, kisima kilisafishwa, wageni wa kutazama ndege walikuja wakaondoka salama.

Nije kwenye mizinga ya nyuki, maana maneno yamefika kwangu hadi jikoni. Ni kweli kamati ilichukua Sh48,000 zilizotengwa kwa hema na pilau ya leo, ikanunua mizinga 12, tukaitundika kwa waya mpakani kuzuia ndovu. Kura zilikuwa 5 kwa 2, na moja katika hizo 5 ni yangu, sikatai. Nauli ya kuileta kutoka Malindi nilitoa mfukoni mwangu. Risiti ninayo, wala sijaidai.

Msitu wetu huu wa Arabuko-Sokoke ni kama kilomita 420 za mraba. Zamani ndovu walikuwa wakitoka humo hadi Tsavo na kurudi. Njia ile leo ni mashamba na maboma, mengine ya sisi tuliokaa hapa. Ndovu amebanwa mle, akitoka anatokea kwenye mihogo yetu. Fidia tunaidai kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, lakini mtoto hali makaratasi. Nyuki ndovu anawaogopa, na watafiti wamelithibitisha hilo hapa hapa Kenya. Mizinga 7 imeingia nyuki. Mitano bado mitupu, na ndiyo upande alikopita ndovu mwezi wa Julai, kwa hiyo msiseme mpango umeshindwa.

Nyuki hao wanakula maua ya msitu. Anayeingia usiku kukata miti ya mbambakofi asije kuniuliza asali iko wapi. Tena mle ndimo anamoishi sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, ambaye nje ya pwani yetu hapatikani popote duniani. Wageni hawaji kuona visiki.

Sasa, tuko wanachama 73. Mkutano wa Machi walikuja 19, akidi ikakosekana, nikazungumza na viti. Wasiolipa ada ni 41, jumla Sh36,900. Nimepitia daftari: wanaolilia pilau wengi wao wamo humo.

Mwaka ujao, tukijaliwa, tutaongeza mizinga, tutafute wafadhili, na lile suala la ofisi tuliangalie.

Pilau hakuna. Chai ipo, na mweka hazina amekaa mlangoni na daftari lake.

Mwenyekiti