Barua ya Wazi kwa Gavana wa Mombasa: Madaftari ya Maziko na Majina ya Askari Wetu

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kaunti ya Mombasa.

KUH: Kumbukumbu za zamani zinazoweza kutambulisha askari na wapagazi wa Mombasa

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia barua hii hadharani badala ya kuiacha mapokezi kwa sababu haja niliyo nayo si yangu peke yangu. Kisauni, Likoni, Changamwe na Mji wa Kale zipo nyumba nyingi zinazojua kwamba mzee wao alikwenda vitani, ama vile vya Mjerumani vya 1914 hadi 1918, ama vile vya Hitla vya 1939 hadi 1945, lakini hazijui aliingizwa kikosi gani, alifika wapi, alifariki lini wala amezikwa wapi. Nami natoka katika nyumba moja ya hizo. Ninachokuomba ni serikali ya kaunti iyakusanye madaftari ya maziko iliyoyarithi kutoka kwa manispaa, iyapige picha na kuwafungulia wananchi, kabla mchwa na unyevu wa pwani havijayamaliza.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya (KAR), jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, akapigana Burma na akarudi salama. Ameacha cheti cha kuachishwa jeshi, karatasi iliyokunjwa mara nne hata ikaanza kuachana kwenye mikunjo, ambayo mama ameiweka katika mkebe wa bati pamoja na hati ya shamba. Imeandikwa nambari yake ya askari, jina lake na la baba yake, wilaya, kimo chake na kovu la shavuni, na chini yake pana alama ya dole gumba ambayo wino wake umegeuka rangi ya kahawa. Kwa karatasi hiyo moja, kazi ya kuufuatilia utumishi wake haikuwa ngumu. Kaka yake mkubwa hakuacha karatasi yoyote. Aliandikishwa kikosi cha mizinga, akapanda meli Kilindini, na nyumbani halikujulikana jingine ila kwamba meli ilizama.

Meli hiyo ni Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini mapema mwezi wa Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa katika msafara wa meli tano zilizobeba wanajeshi, na tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido ikazama kwa dakika chache. Walifariki watu 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Miili ya wengi haikupatikana, na kwa hivyo majina ya askari hao yameandikwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Ni msiba uliotokea kwa meli iliyong'oa nanga katika bandari yetu wenyewe, na bado vijana wengi wa Mombasa hawajapata kulisikia jina lake.

Kumtafuta mtu mmoja miongoni mwa waliokufa siku moja kulitufundisha jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii. Tulipomtafuta kwa jina hatukumpata, kwa sababu makarani wa jeshi waliandika walivyosikia: Athumani huweza kuwa Asman, Hamisi huweza kuwa Kamis, na jina la baba huchukuliwa kama jina la ukoo, likatangulizwa au likaachwa kabisa. Ilibidi tuanze na tarehe ya kifo na kikosi, kisha tuyapitie majina moja moja katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo huonyesha cheo, nambari, kikosi na siku ya kufariki. Mwishowe walibaki wawili wanaolingana, na jeshi lenyewe halikuwa na neno la kuwatenganisha.

Kilichokata shauri kilitoka nyumbani. Mkewe, baada ya kungoja, alikwenda kwa Kadhi kuomba hukumu juu ya mume aliyepotea, ili akae eda na mirathi igawanywe. Nakala ya uamuzi huo imebaki kwa wajukuu wa mjane yule, imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na karani alinakili ndani yake nambari ya askari kutoka katika barua ya jeshi iliyoletwa kwa chifu. Nambari ile ilikuwa ya mmoja wa wale wawili. Hivyo ndivyo tulivyompata, Mheshimiwa, kwa hati ya ndoa na mirathi.

Ndiyo maana nasema kwamba habari za askari wetu zimegawika nusu mbili. Nusu ya kijeshi imo katika Makavazi ya Kitaifa Nairobi na katika hifadhi za Uingereza, na mtu mwenye subira na nauli ataifikia. Nusu ya pili, ile inayosema huyu ni mwana wa nani na alitoka mtaa gani, imetawanyika hapa pwani: kwa makadhi, katika vitabu vya ubatizo vya Rabai na Frere Town, katika madai ya ardhi yaliyoandikishwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, ambamo mara nyingi mtu hutajwa pamoja na baba yake na warithi wake, na katika madaftari ya maziko. Nusu hii isipokuwepo, ile ya kwanza hubaki orodha ya majina yasiyo na wenyewe.

Kwa wazee wa vita vya kwanza hali ni ngumu zaidi. Mnara wa askari ulioko Barabara ya Jomo Kenyatta tunaupita kila siku, na hauna hata jina moja la Mwafrika aliyekufa. Wapo watu wa mji huu walioingia kikosi cha Waarabu kilichoundwa hapa Mombasa na Arthur Wavell mwaka wa 1914, wakapambana na Wajerumani huko Gazi, na Wavell mwenyewe akauawa Mwele Januari 1916. Na wapo wapagazi, waliobeba chakula na risasi hadi ndani ya Tanganyika na Msumbiji, ambao kwa hesabu za serikali ya wakati huo peke yake walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Husemwa kwamba majina yao hayakuandikwa. Mimi sikubali kwamba yote hayakuandikwa, kwa kuwa hakuna mshahara unaolipwa bila ya orodha, na ofisi ya Oscar Watkins iliyowasimamia wapagazi ilikuwa na kazi ya kuwaandikisha na kuwalipa. Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe, katika ripoti yake ya Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko kumefungua mlango, na jina lolote litakalothibitishwa kwa hati linaweza kupelekwa kwao ili liongezwe. Hati ndizo zinazokosekana.

Niruhusu nieleze nilichokiona kwa macho yangu, bila ya kuitaja ofisi yenyewe, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Madaftari yalikuwa yamepangwa sakafuni nyuma ya mlango, chini ya mfereji unaovuja. Mtumishi aliyekuwa zamu alikuwa muungwana na aliniruhusu kufungua moja. Kurasa za katikati zilikuwa zimegandamana hata hazifunguki, na zile za pembeni, zilizosomeka, zilikuwa na safu za jina, jina la baba, mtaa, umri na maradhi, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyeijali kazi yake. Nilimshukuru mtumishi yule, nikatoka na uchungu ambao hadi leo haujanitoka.

Mheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti makaburi, maktaba na makumbusho. Hakuna wizara ya Nairobi tunayohitaji kuingoja katika hili. Wala sidhani kwamba gharama yake ni kubwa: kamera nzuri, chumba kikavu, na vijana wachache waliofundishwa kusoma miandiko ya zamani, wakikaa na wazee wa Mji wa Kale ambao bado wanasoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Faharasa yake isipangwe kwa jina la mwisho tu, kama zinavyopangwa za Ulaya. Mtu aweze kutafuta kwa jina la baba, kwa mtaa na kwa mwaka, la sivyo kazi yote itakuwa bure.

Najua wapo watakaohofia kwamba kufungua nyaraka za zamani kutaamsha kesi za mashamba, na hofu hiyo hapa pwani ina msingi. Kwa hiyo napendekeza nyaraka za ardhi ziachwe kwanza na tuanze na madaftari ya maziko, ambayo hayampi mtu haki ya kiwanja, ndipo baadaye yafanywe mazungumzo na makadhi na makanisa kuhusu nakala za yale yaliyo mikononi mwao, kwa masharti watakayoyaridhia.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nijibiwe katika siku 21 zilizowekwa na sheria: kaunti ina madaftari gani ya maziko ya miaka ya 1914 hadi 1950, yamewekwa wapi, yako katika hali gani, na ni afisa yupi anayeyasimamia. Nakala za cheti cha babu na uamuzi wa Kadhi nitazileta mwenyewe kwa afisa huyo, na jamaa watatu wa mtaani kwetu wameniambia watakuja na za wazee wao.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Kisauni, Mombasa.