Risala ya Chama cha Uandishi wa Habari kwa Mgeni wa Heshima, Lamu

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wetu wa Mkomani na Langoni, nanyi mliovuka maji kutoka Mokowe, assalaam alaykum.

Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umeishi kwa kazi ya magazeti, na haja yetu ya leo inamtaka mtu anayeijua harufu ya wino.

Muhula huu tulipita nyumba kwa nyumba kuulizia magazeti ya zamani. Wazee walitufunulia jambo ambalo hatukuliwaza: gazeti la wiki ndilo lililotufaa watu wa kisiwani. La kila siku, mpaka litoke Mombasa, lipite Malindi na Garsen, lipakiwe mashuani Mokowe, habari zimeshachakaa. La wiki hata likichelewa siku mbili bado ni jipya. Mmoja akilisoma barazani, kumi wanasikiliza.

Na pwani haikuwa nyuma. African Standard, lililoanzishwa na Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1902, lilianzia Mombasa, tena likiwa la wiki. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, naye wa Mombasa, alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwasemesha Waislamu wa pwani juu ya elimu na mwenendo wao. Hayakudumu. Baraza, lililotolewa Nairobi kila wiki tangu 1939, ndilo lililoishi miaka arobaini hivi, na ndilo wazee wanalolitaja kwa hamu. Sababu ni mashairi. Malenga alitia shairi lake posta, akangoja lichapwe, kisha akangoja tena wiki kadhaa apate jibu la malenga mwenziwe kwa bahari, yaani mtindo wa shairi, na vina vilevile. Kule kungoja, walituambia, kulikuwa nusu ya utamu.

Kisha karatasi na uchapaji vikapanda bei, na matangazo ya biashara, yaliyokuwa yakilipa gharama hizo, yakahamia redioni, kwenye televisheni, na sasa kwenye simu. Tunashukuru kwamba Taifa Leo, lililoanza mwaka 1960, lingali linatoka. Lakini gazeti la Nairobi haliwezi kubeba kila kifo cha mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Amu, wala bei ya kamba wa baharini, wala shairi la harusi. Hayo yamo katika simu zetu, na simu ikianguka baharini yamezama nayo.

Mgeni wetu, huko Langoni mama mmoja alitufungulia sanduku. Chini ya leso mlikuwa na nakala za Baraza alizotunza marehemu mumewe. Mchwa walikuwa wametutangulia. Shairi moja limeliwa beti mbili za mwisho. Tulilinakili lililobaki kwa mkono, mama akitusomea pale ambapo macho yetu yalishindwa.

Tunakuomba utuombee nafasi katika maktaba ya Ngome ya Lamu, nakala hizi na nyingine tutakazopata zihifadhiwe mbali na mchwa na unyevu wa chumvi. Tunaomba pia mashine ya kutolea nakala, kwa sababu gazeti letu la kurasa nne linatoka mara moja kwa mwezi, nasi tunataka liwe la wiki.

Toleo la leo liko mezani mbele yako. Shairi lile liko ukurasa wa nne, na chini yake tumeacha nafasi ya beti mbili kwa malenga yeyote atakayependa kulikamilisha.

Ahsante.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Uandishi wa Habari