Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha sarafu na tokeni za kale, wazee wetu, akina mama, na vijana wawili mliofika,

Nawashukuru kwa kuja na theluji hii. Nimehesabu vichwa: tuko 18, akidi ni 16, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu Machi tuna mkutano unaostahili kuitwa mkutano. Naomba mtu asitoke kabla ya kura, hata kama ameacha gari pabaya.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulikutana mara nne hapa Columbus. Tulikodi meza kwenye maonyesho matatu ya sarafu, mawili ya hapa Ohio na moja la Indiana. Mwezi Machi tulikuwa na somo la tokeni za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ambalo nililitoa mimi baada ya mgeni wetu kughairi asubuhi ile ile, na waliokuwepo walisema lilikuwa zuri. Kwa wasiokuwepo, ambao ndio wengi: mwaka 1862 Wamarekani walificha sarafu majumbani kwa hofu ya vita, chenji ikaadimika, na wenye maduka wakaanza kugongesha senti zao wenyewe za shaba zenye majina ya biashara zao; ndizo tokeni hizo. Cincinnati, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizogonga nyingi zaidi. Serikali ikapiga marufuku mwaka 1864. Aina zake zinapita 10,000, na nyingi ni za bei ndogo. Ndiyo maana hata mtu wa kipato chetu, kwa dola 20 tu, anaweza kushika kitu cha miaka 160.

Tuliuza vizuri. Ile tokeni ya 1863 yenye kosa, inayosema anayeishusha bendera apigwe risasi papo hapo lakini neno SPOT limeandikwa SPOOT, iliondoka saa ya kwanza ya maonyesho ya Mei. Kuna mwanachama, simtaji, alileta tokeni 12 za maduka ya Cincinnati akiwa amezisugua kwa ndimu na chumvi. Ziling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Wanunuzi walizigeuza mara moja, wakazirudisha mezani bila neno. Zilikuwa za dola 25 kila moja. Zote 12 zimekwenda kwa dola 40. Nimesema miaka minne na nasema tena: ile rangi ya kahawia kwenye shaba ya zamani si uchafu. Hiyo ndiyo bei yenyewe.

Sasa ada. Tuko wanachama 47, ada ni dola 60 kwa mwaka, yaani dola 5 kwa mwezi. Waliomaliza ni 19. Waliolipa nusu ni 11. Waliobaki 17 hawajatoa hata senti, na miongoni mwao wapo wanaoandika kwenye kundi kila siku kuanzia alfajiri. Katika somo la Machi niliwasimulia habari za Lindenmueller, mwenye baa wa New York aliyetoa tokeni zake zaidi ya milioni moja. Abiria walizitumia kulipia nauli, na kampuni ya reli ya Third Avenue ilipompelekea mzigo ili azibadilishe kwa pesa halali, aligoma. Mlicheka sana siku ile. Mimi nilikuwa naifikiria orodha ya mweka hazina.

Mahudhurio ni hayo hayo. Machi tulikuwa 21. Juni, 13. Septemba, tarehe 14, watu tisa. Desemba, 11, na wawili kati yao walikuja kumsubiri mwenzao. Mkutano wa Septemba tulingoja saa moja na nusu, sambusa zikapoa, tukazila hivyo hivyo, tukafunga ukumbi. Naomba mkutano huo muukumbuke, maana nitaurudia.

Nifike kwenye beji, kwa kuwa najua ndiyo iliyowaleta wengi leo.

Mwaka 2021, kwa michango, chama kilinunua beji moja ya Charleston, South Carolina, kwa dola 2,600. Mimi ndiye niliyeiona kwanza na mimi ndiye niliyeshauri inunuliwe. Hilo siku hizi halisemwi. Ni kipande cha shaba cha mraba, kinaenea kiganjani, kimetobolewa tundu kwenye pembe ya juu ili kifungwe. Kimegongwa CHARLESTON, mwaka 1835, neno PORTER, yaani hamali, na namba. Tarakimu za namba ziligongwa moja moja kwa mkono, na ya mwisho imekaa upande. Mji ule, kuanzia 1800 hadi 1865, ulitoa beji za namna hii kila mwaka: mwenye mtumwa anayetaka kumkodisha kwa wengine alilipia halmashauri, na mtumwa akavaa beji akiwa kazini. Ujira mwingi uliishia kwa bwana. Mzee wetu wa Mombasa alipoishika mara ya kwanza alikaa kimya, kisha akasema hata kwetu pwani watumwa walikodishwa kwa ujira wa kutwa, na kwamba neno kibarua lilianzia kwenye kile kikaratasi cha kazi. Tangu siku hiyo kila mkutano beji ilipitishwa mkono kwa mkono kabla ya chai. Nayajua hayo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitoa mfukoni.

Oktoba 12, 2024, niliiuza kwa dola 3,400 taslimu kwenye maonyesho ya Indiana.

Kifungu cha 9 cha katiba kinasema mali ya chama inayozidi dola 500 haiuzwi bila idhini ya mkutano, isipokuwa kwa dharura. Uuzaji wa beji ulikuwa kwenye ajenda ya Septemba 14, kipengele cha nne. Barua za mwaliko zipo, katibu anazo. Mlikuja tisa. Kura ya mtu aliyebaki nyumbani kutazama mpira siwezi kuihesabu. Kuhusu dharura: chama kilikuwa na dola 96 benki, bima ya mali ilikuwa inaisha, na mwenzetu alikuwa amelazwa. Rambirambi tuliyotoa, dola 1,000, ilisaidia kumrudisha Bukavu, na familia yake imetuandikia kushukuru. Wapo waliokaa wakahesabu siku, wakasema beji iliuzwa tarehe 12 na msiba ulitokea tarehe 17. Ni kweli. Lakini kila aliyekwenda kumtazama hospitali, nami nilikwenda mara tatu, alijua tunaelekea wapi. Nilitaka kuiuza baada ya mazishi?

Kisha bei. Januari iliyofuata, mwaka huu, beji ile ile ilionekana kwenye mnada, ikaondoka kwa dola 5,160, na picha yake ikasambazwa kwenye kundi ikiwa na alama za kucheka. Hesabu za mnada zina mambo yake. Dola 5,160 ni pamoja na asilimia 20 anayoongezewa mnunuzi. Nyundo ilishuka, yaani mnada wenyewe ulifungwa, kwenye 4,300. Toa asilimia 10 anayokatwa muuzaji, inabaki 3,870. Tofauti ni dola 470, kabla ya posta, bima na gharama za uthibitisho. Beji bandia za Charleston zimejaa sokoni, na yetu haikuwa na cheti. Aliyeinunua kwangu alikuwa na pesa na muda wa kuitafutia cheti. Sisi tulikuwa na dola 96.

Limebaki lile neno lililoandikwa na dada yetu wa Dayton, kwamba nimemuuza yule mtu mara ya pili. Nimelitafakari zaidi ya mnavyodhani. Jibu langu ni kwamba sikumuuza mtu. Jina lake halikuwepo pale. Palikuwa na kazi, namba na mwaka. Miaka mitatu tuliishika beji ile tukimwita Hamali kwa sababu hatukuwa na jina jingine la kumwita. Na wakati tunainunua kwa mfanyabiashara, kwa pesa, hakuna aliyesema tunanunua mtu. Kama kuna dhambi katika biashara hii, basi tumeanza nayo wote 2021, na dada alichanga dola 50.

Hesabu kwa jumla, mweka hazina atazigawa kwa karatasi. Tulianza na dola 412. Ada 1,470, kamisheni ya mauzo ya wanachama 618, tokeni za chama 1,530, beji 3,400. Jumla iliyopita mikononi ni 7,430. Matumizi: meza 975, ununuzi wa bidhaa 2,140, ukumbi na vyakula 640, bima 520, rambirambi 1,000, na kurejesha mkopo 1,280. Salio ni dola 875. Mkopo huo, kwa kuwa najua swali linakuja, ulikuwa wa kwangu. Mwaka 2023 nilitoa pesa mfukoni kulipia lile sanduku la tokeni kutoka Pennsylvania, na risiti ipo. Sikudai riba. Nililipwa Oktoba kwa sababu Oktoba ndipo pesa zilipopatikana. Ada ambayo haijalipwa ni dola 1,350. Mkilinganisha ada hiyo na mkopo wangu mtaona kwamba kama kila mtu angelipa, nami ningelipwa, na pengine beji ingekuwa mezani sasa hivi.

Mwaka huu tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza vijana, na kupata somo juu ya medali za amani walizopewa machifu wa wenyeji wa Marekani tangu enzi za Washington: za Jefferson, zenye mikono miwili inayoshikana, na jinsi ya kutenganisha za fedha za zamani na nakala za shaba nyeusi zilizogongwa baadaye Philadelphia, maana kuna mwenzetu anakaribia kutapeliwa. Tunatumaini pia meza ya nne, hali ikiruhusu. Kuhusu beji nyingine, pendekezo likija na pesa litasikilizwa.

Usiku wa kuamkia Oktoba 12 niliweka karatasi nyembamba juu ya beji, nikapitisha penseli taratibu, pande zote mbili. Namba imetoka vizuri, hata ile tarakimu iliyokaa upande. Karatasi iko kwenye faili la katibu. Anayetaka kuiona ataonyeshwa, ila apite kwanza kwa mweka hazina pale mlangoni.

Wenu,
Mwenyekiti